Waliozikwa Bila Kuogeshwa

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni mama mdogo Dorothée, Noeli ya 2022, tulipokuwa tukichambua maharage. Yeye aliipata kwa Pétronille mwenyewe, jirani yake wa Sake, kando ya ziwa.

Pétronille alikuwa amemzika mwanawe Esdras. Kumzika tu, si kumwogesha. Kwetu mtoto akifa, mama yake ndiye humwogesha. Lakini kipindupindu kilipomchukua Esdras, wanaume wenye glavu walimnyunyizia javeli, ile dawa kali ya kuua vijidudu, wakamfunga ndani ya mfuko wa plastiki, wakaondoka naye. Mama aliambiwa asimame mbali.

Sasa Gentille, mtoto aliyebaki, alianza kuharisha vilevile.

Pétronille alijua uchafu ulikotoka. Maji ya vyoo vya mtaa yalipaswa kupita mabwawa matatu: la kwanza yatulie, la pili yapigwe na jua, la tatu yachujwe na matete, ndipo yaingie ziwani. Straton, prezida wa komite ya vyoo hivyo, aliziba bomba la kutoka bwawa la kwanza. Akakausha mawili yaliyobaki, akapanda maharage. Uchafu wote akauelekeza ziwani kwa mfereji, palepale akina mama wanapochota.

Jua likizama, Pétronille akabeba jembe, akaenda. Straton alikuwa mlangoni pake, kando ya shamba.

"Mama Esdras! Unakuja kuniibia maharage?"

"Nakuja kuzibua bomba, Papa Straton. Mutoto wangu alikunywa mavi."

Akacheka. "Mavi njo mbolea, mama. Lima na wewe, uache kelele." Akaingia kula.

Pétronille akaupiga udongo ulioziba bomba. Aliupiga kama anapiga mtu. Giza likashuka. Vyura wakanyamaza...

Wote kwa pamoja.

Harufu ya mavi ikakatika. Ikaja nyingine.

Javeli.

Shwa... shwa... Plastiki ilikuwa inaburutwa juu ya majani ya maharage.

Walikuwa wengi, wakubwa kwa wadogo, mifuko imefunguka hadi kifuani. Waliinama, wakapapasa udongo mkavu kwa viganja. Mdogo mmoja akageuka. Alikuwa Esdras.

"Mama... tulikuwa tunaoga hapa. Nani alikausha?"

Alitaka kumkimbilia. Akabaki ameshika jembe. Tangu utotoni alifundishwa: jina la aliye hai halitajwi mbele ya marehemu, wasije wakamfuata.

"Straton," alinong'ona.

Akanyoosha jembe, akawaonyesha na mlango.

Kisha alilitupa, akakimbia.

Asubuhi Straton alikutwa kitandani, godoro limelowa, mwili umeogeshwa safi. Kidevu kilifungwa kitambaa, vidole gumba vya miguu vimefungwa pamoja, kama tunavyomwandaa maiti. Chumba kizima kilinuka javeli. Macho yalikuwa wazi.

Alikuwa anapumua.

Wengine walisema ni wezi. Wengine, pombe. Hakuna aliyeeleza nani alimalizia kuzibua bomba kwa mikono mitupu, wala zile nyayo ndogo za maji sakafuni. Maharage yakazama. Maji yakarudi kwenye njia yake.

Mama mdogo Dorothée amekwisha kufa. Gentille yu hai, anasoma. Pétronille yu hai. Kila jioni huacha kipande cha sabuni kando ya bwawa la tatu, na asubuhi hakikuti.

Straton naye yu hai. Giza likiingia hujikunyata nyuma ya mke wake na kunong'ona, "Wambie nilishaoga... wambie nilishaoga."

Sisi hatumhurumii.