Rosina Aaga Kazini

Mwaka 1994 Rosina alikuwa mhudumu katika zahanati ndogo ya Kizwite, mjini Sumbawanga. Zahanati ile ilikuwa ya Bwana Malimi, mganga mstaafu. Serikali iliporuhusu tena watu binafsi kutibu, Malimi alikodi nyumba ya vyumba vitatu, akaipaka chokaa, akaanza kazi.

Kila asubuhi, kabla hajashika ufagio, Rosina alipiga magoti mbele ya friji ya chanjo. Friji ile haikutumia umeme. Ilitumia mafuta ya taa. Chini yake palikuwa na tangi na utambi, kama taa ya chemli. Moto ukiwa wa bluu, friji inapoa vizuri. Ukiwa wa njano, unatoa moshi na ubaridi unapungua. Rosina alikata utambi, akajaza mafuta, akasoma kipimajoto na kuandika alichokiona. Jioni alifanya hivyo tena. Chanjo ikipata joto inaharibika, na mtoto akichomwa chanjo iliyoharibika ni kama hakuchanjwa. Kazi hiyo aliijua Rosina peke yake. Mganga mwenyewe alikuwa amemwachia.

Siku moja ya mwezi wa saba, upepo wa baridi ukivuma, mtu alifika kutoka kijijini kwao, Mollo, na habari mbaya. Mama yake Rosina, bibi Adela, alianguka shambani akivuna ulezi. Mkono na mguu wa kulia havikusogea tena. Maneno yake hayakueleweka. Hospitali walisema ni kiharusi, wakamrudisha nyumbani auguzwe. Baba alikwishafariki. Kaka yake Rosina alikuwa ziwani, Kirando, akivua samaki. Majirani walimtazama kwa zamu, lakini hapakuwa na ndugu mwingine.

Rosina alikwenda kwa mganga akaomba ruhusa ya siku tatu. Siku hiyo akina mama walijaa barazani na watoto wao, kwa sababu surua ilikuwa imeingia mtaani. Malimi hakuinua hata macho.

"Wewe una mgonjwa mmoja," alisema. "Mimi nina watoto mia. Rudi kazini."

Wote waliokuwa barazani walisikia. Rosina alirudi kazini. Alishika bomba la sindano, akachanja mpaka saa ya kufunga.

Nyumbani alimweleza mumewe, Yonas, ambaye aliuza nguo za mitumba sokoni. Yonas hakubishana naye. Wangehamia Mollo, akasema, na yeye angekuja mjini siku za soko. Wakakubaliana. Lakini Rosina alikuwa na neno jingine moyoni. Jumatatu asingekwenda kazini wala kuaga. Mganga angefungua mlango, asimwone mtu, na hapo angejua thamani ya Rosina.

Jumamosi mchana alikwenda kwa jirani, mzee Stanley, kuazima kamba ya kufungia mizigo. Mzee huyu alikuwa karani wa shirika moja la kilimo kwa miaka mingi, mpaka shirika lilipopunguza wafanyakazi. Sasa alilima bustani ya vitunguu nyuma ya nyumba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mama anaendeleaje?"

Rosina alimweleza yote, na neno lake la Jumatatu pia. Mzee Stanley alimsikiliza akisafisha jembe lake kwa kijiti. Hakumpa kamba. Alimkaribisha kiti.

"Shirika letu lilipotuachisha kazi," alianza, "nilipewa barua ya mistari minne. Miaka kumi na tisa, mistari minne. Nilikuwa na ufunguo wa ghala la mbegu. Nikautia mfukoni, nikaenda zangu Laela kwa mdogo wangu. Wiki ile mvua za kupandia zilianza. Walivunja kufuli siku ya tano. Unadhani nani aliumia? Yule bwana aliyeniandikia barua hakuwa na shamba. Walioumia ni wakulima waliosimama nje na magunia matupu. Wengine ni ndugu zangu kabisa."

Rosina alimwona anayatazama mashina ya vitunguu kama mtu anayehesabu, kumbe hahesabu.

"Sikwambii usiache kazi," mzee akaendelea. "Mama ni mama. Lakini kuacha kazi na kutoroka kazini ni vitu viwili. Jumatatu nani atawasha friji?"

Akilini Rosina aliwaona wale watoto wa barazani, mmoja mmoja.

Mzee alimwuliza kama ana mkataba. Anao, ndani ya sanduku la nguo. Akaenda kuuchukua nyumbani, wakausoma pamoja. Mkataba ulisema mfanyakazi akitaka kuacha kazi atoe taarifa ya mwezi mmoja kwa maandishi. Rosina alishtuka. Mwezi mzima, na mama amelala kitandani?

"Mwombe akupunguzie," alisema mzee Stanley. "Usijipunguzie mwenyewe. Taja siku unayoweza, na umwambie kwa nini."

Jioni Rosina alizungumza na wifi yake, Scola, dada yake Yonas. Yonas ni mkwe, asingeweza kumwogesha mama mkwe wake. Scola alikubali kwenda Mollo kukaa na bibi Adela kwa wiki mbili. Basi wiki mbili zilipatikana.

Jumapili baada ya misa Rosina aliandika barua, akampelekea mzee. Ilikuwa kurasa mbili. Ilieleza alivyodharauliwa mbele za watu, na mambo mengine ya miaka ya nyuma. Mzee aliisoma yote bila haraka.

"Haya ni ya kweli?"

"Ni ya kweli tupu."

"Basi mwambie kwa mdomo, mkiwa wawili, kwa sauti ya chini. Barua inakaa kwenye faili. Hasira yako itakwisha, lakini barua itabaki inafoka."

Alimfundisha mambo machache. Barua iwe fupi. Iseme unaacha kazi, sababu yake, siku ya mwisho, na namna utakavyokabidhi kazi. Shukuru kwa jambo ambalo kweli unalishukuru, usitunge. Andika nakala mbili, apokee moja, akutilie sahihi kwenye nyingine. Mwisho, uombe hati ya utumishi, maana huijui kesho. Rosina aliandika upya:

*Kizwite, 18 Julai 1994*

*Kwa Mganga Malimi,*

*YAH: KUACHA KAZI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuarifu kwa heshima kwamba naacha kazi ya uhudumu. Mama yangu mzazi ana kiharusi na hana mtu wa kumwuguza. Mkataba unanitaka nitoe taarifa ya mwezi mmoja. Kwa hali ya mama, naomba siku yangu ya mwisho iwe tarehe 30 Julai. Kabla ya siku hiyo nitamfundisha atakayechukua nafasi yangu kazi ya friji na rejista zote. Nashukuru kwa kunifundisha kuchanja. Naomba pia hati ya utumishi.*

*Wako mtiifu,*
*Rosina Polikarp*

Jumatatu aliwahi. Aliiwasha friji vizuri kwanza. Mganga alipofika, alimwamkia, akaomba waongee ndani. Alimwambia kwa mdomo kabla ya kumpa barua, ili karatasi isimshtue. Malimi aliisoma amesimama. Uso ulibadilika.

"Kama unaondoka, ondoka leo," alisema.

Rosina hakusogea mlangoni.

"Nikiondoka leo, mganga, chanjo zitaharibika kesho. Sipendi iwe hivyo. Nina jambo moja tu la kusema. Siku ile uliniambia maneno mazito mbele ya watu. Yaliniumiza. Sikuyaandika humo."

Malimi alikaa. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa, akaivua tena. Nje mtoto alikuwa akikohoa. Hakuomba radhi. Lakini alichukua kalamu, akatia sahihi kwenye nakala ya pili, akaandika chini yake: "Nimekubali tarehe 30." Kisha akauliza, kwa sauti ambayo Rosina hakuwahi kuisikia kwake, kama mama anaweza kumeza chakula.

Wiki ile ile mganga alimleta Cornelia, binti aliyemaliza darasa la saba miaka miwili nyuma. Rosina alimwonyesha utambi unavyokatwa, uwe sawa, usiwe na pembe. Siku ya tatu Cornelia aliukata vibaya, moto ukawa wa njano, masizi yakajaa. Rosina hakumsukuma pembeni. Alimwacha aurekebishe mwenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka moto ukawa wa bluu. Aliandika pia kila kitu kwenye daftari, hatua kwa hatua, kwa herufi kubwa.

Tarehe 30 walikabidhiana. Walihesabu chupa za chanjo mbele ya mganga, wakatia sahihi wote watatu. Malimi alimpa Rosina bahasha. Ndani mlikuwa na hati ya utumishi.

Agosti upepo ulizima moto wa friji asubuhi moja. Cornelia aliona mapema, akawasha, akahamishia chanjo kwenye boksi la barafu mpaka friji ilipopoa. Hakuna chupa iliyoharibika. Habari hizo Rosina aliletewa na Yonas kutoka sokoni.

Huko Mollo bibi Adela aliishi miezi saba. Rosina alimgeuza kitandani, alimlisha uji kwa kijiko, alimnyoosha mkono kila siku kama alivyoagizwa hospitali. Baada ya miezi miwili bibi alianza kusema tena maneno mawili matatu ya Kifipa. Baada ya miezi minne alilitaja jina la binti yake. Alifariki Februari, mahindi yakiwa yamebeba, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Rosina.

Mganga Malimi alikuja kuzika. Alisimama katika foleni na wengine, akatia udongo kaburini. Kisha alimpa Rosina mkono.

"Pole," alisema. "Siku ile nilikosea."

Wiki iliyofuata mwenyekiti wa kijiji alimwita Rosina. Zahanati ya kijiji ilitafuta mhudumu anayejua chanjo, na kamati ilikuwa imekaa. Walimwuliza kwa nini aliacha kazi mjini. Akasema ni kwa ajili ya kumwuguza mama. Walimwuliza aliachana vipi na mwajiri wake. Rosina akatoa ile hati. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti: mfanyakazi huyu aliaga, akakabidhi kazi yake yote, na mlango wangu uko wazi kwake.

Wajumbe walitazamana, wakaitikia kwa vichwa.

"Unaweza kuanza lini?" aliuliza mwenyekiti.

Zamani Rosina angesema kesho, kwa hofu ya kunyimwa. Safari hii alifikiri kwanza.

"Naomba nianze baada ya arobaini ya mama," alisema. "Nitaandika barua."

Mwenyekiti akasogeza karatasi na kalamu upande wake.