Aliyelamba Jiwe Dukani

Duka la vifaa vya ujenzi lilifurika watu siku hiyo, na fundi miwani alikuwa amebanwa kwenye foleni kati ya mzee aliyekumbatia bomba na mama mwenye ndoo za rangi. Alifuata msasa tu, basi. Akageuza shingo aipumzishe, macho yakamtoka. Karibu na mlango, penye rundo la kokoto za bustani, alisimama dada mmoja mwenye ovaroli ya buluu na kilemba chekundu kilichofungwa kwa madaha. Aliinua kokoto, akaikagua kwa jicho moja. Halafu akailamba.

Mchana kweupe, jamani! Mbele za watu!

"Dada," fundi miwani alishindwa kujizuia, "njaa imefika huko?"

"Na wewe umbea umefika huko?" alijibu yule dada bila kugeuka. "Jiwe likikauka linaficha rangi. Ukililowesha linasema ukweli. Maji sina, mate ninayo. Hebu shika."

Akamwekea kiganjani. Kweli bwana, kilichokuwa kijiwe cha vumbi sasa kilikuwa na mistari ya kijani na myeupe, myembamba kama uzi.

"Loo! Kumbe!"

"Umeona? Na wewe uko hapo unatazama visigino vya watu."

"Visigino niliviacha zamani. Nilikuwa nakutazama wewe."

Dada akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu asiyeogopa kusikika. Foleni ikampita fundi miwani, msasa akausahau, akatoka dukani na namba ya simu. Tangu siku hiyo alikufa akaoza.

Yule dada alikuwa fundi lifti. Ghorofa zote ndefu za mjini zilimjua. Alining'inia kwenye mashimo ya lifti na tochi kichwani, akashuka na grisi shavuni, na mameneja wenye tai wakampisha njia. Fundi miwani alipomwona kazini mara ya kwanza alisimama mdomo wazi kama mtalii.

"Funga mdomo, Miwani wangu, vumbi litaingia," alimtania.

"Huogopi humo ndani?"

"Siogopi, ila nachoka na dari. Ndiyo maana nataka jangwani, mahali ambapo nikiinua kichwa sioni kitu ila mbingu."

Safari hiyo ya jangwani ndiyo ilikuwa moyo wake. Marehemu baba yake aliendesha malori ya masafa, akivuka jangwa mwaka hadi mwaka. Siku moja gari lilimharibikia kwenye uwanda wa mawe, naye alipokuwa akisubiri msaada akaokota jiwe moja, akamletea binti yake. Lilikuwa na ganda la kahawia lenye vishimo vidogo kama ganda la chungwa, na kwenye kona moja iliyobanduka, akiki nyekundu, lile jiwe la vito, ilichungulia. "Yako mengi kule," baba alisema. "Ukikua nitakupeleka ukaokote mwenzake." Binti alikua, baba hakuwahi kumpeleka.

Basi wakaanza kupanga. Kila alasiri ya mapumziko walitandaza ramani kwenye meza ya shangazi wa fundi lifti, dada wa marehemu baba yake, ambaye aliishi kwake. Upepo ulipoipeperusha ramani, kopo la sukari liliikalia. Walibishana kuhusu nyundo, magunia, kofia na madumu ya maji.

"Madumu yote hayo, tunakwenda kuokota mawe au kufua nguo?" Fundi miwani aliuliza.

"Wewe peke yako unakunywa kama ngamia. Nakuwekea akiba, mpenzi."

"Na tutajuaje tumefika? Uwanda wenyewe ni mkubwa, mawe yote ni ya kahawia."

"Jiwe la baba litatuonyesha. Tutalishika mkononi, tulinganishe, mpaka tupate ndugu zake." Alisema hivyo akilipapasa kwa kidole gumba, na sauti yake ikalegea kidogo. Fundi miwani akamwona mzuri kuliko siku zote.

Likizo ilipokaribia, fundi lifti alitumwa na kampuni kwenda mji wa jirani kutengeneza lifti za hospitali. Akamwachia mpenzi wake lile jiwe. "Nitunzie."

Hapo ndipo fundi miwani alipojipalia makaa. Mtu ambaye kazi yake ni kusugua vioo hadi viwe safi, mpe jiwe lenye ganda chafu uone kama mikono yake itatulia! Aliwaza jinsi litakavyong'aa. Akalibandika kwa nta kwenye kitako cha shaba, kama anavyobandika lenzi, akaliweka kwenye mashine. Alisugua siku nzima, akiimba. Lilipotoka lilikuwa jekundu, linawaka. Kwa furaha hata hakulibandua, akaliacha likae juu ya kitako chake kama pambo.

Mpenzi wake aliporudi, alimkuta anamsubiri kwa shangazi na jiwe lake, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi.

"Fumba macho. Haya, fumbua."

Fundi lifti alifumbua. Alilitazama jiwe mpaka tabasamu likamkauka fundi miwani usoni.

"Ganda liko wapi?"

"Nimelitoa! Ona linavyopendeza, mahabuba."

"Kule jangwani mawe yamelala na maganda yao, Miwani. Hakuna lililong'arishwa linalonisubiri. Sura niliyokuwa naitafuta ni ile uliyoisugua. Sasa nitatafuta nini?"

"Nilitaka kukushangaza..."

"Umenishangaza. Kuuliza kulikushinda nini? Kitu cha baba yangu!" Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. "Safari basi. Nenda."

Fundi miwani alipiga simu, haikupokelewa. Alituma ujumbe, kimya. Chakula kikawa hakipiti. Hata hivyo alimalizia ile miwani ya kukinga macho na vumbi aliyokuwa amemwahidi mpenzi wake kwa ajili ya safari, akampelekea shangazi mlangoni.

"Mpe, shangazi. Hata akienda peke yake, macho yake yasiumie."

"Nitampa," shangazi alisema. "Lakini mwanangu, una mikono ya dhahabu na akili ya likizo."

Siku moja, akiwa kazini anampima mteja macho, simu ililia. Shangazi.

"We kijana, njoo uchukue jiwe lako. Mwenzio hataki kuliona, nimeliweka dirishani, sasa limelewa."

"Limelewa vipi, shangazi?"

"Jua limelipiga, linainama. Na linanichafulia dirisha, linatoa uchafu kama mafuta ya mshumaa."

"Nta," fundi miwani alinong'ona. Kisha akapaza sauti hadi mteja akaruka kitini. "Nta! Shangazi, usiliguse!"

Alikimbia na koti lake jeupe la kazini, watu wakampisha wakidhani kuna mgonjwa. Fundi lifti mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango, macho yamemvimba.

"Umefuata nini?"

"Unifukuze baadaye. Nipe jiwe kwanza."

Akalibandua kwenye kitako, nta ikiwa bado vuguvugu, akaifuta kwa ncha ya koti. Pale chini, ambapo mashine haikufika kwa sababu nta ilipafunika, palibaki ganda. La kahawia, lenye vishimo, ukubwa wa kidole gumba. Lilikuwa limekauka na kupauka, halionekani vizuri. Fundi miwani hakuwaza mara mbili. Akalilamba.

Vishimo vikajitokeza vyote, kama vilivyokuwa siku baba alipoliokota. Fundi lifti alilichukua kwa mikono miwili. Akaweka kidole gumba pale pale, kikaenea.

"Linatosha," alisema. "Nitawatambua ndugu zake." Halafu akacheka huku analia. "Una nta mdomoni, Miwani."

"Nisamehe. Nilipaswa kukuuliza. Sitagusa tena kitu chako bila kuuliza, naapa."

"Sawa. Na mimi nitakufundisha inavyofanyika." Akaifuta nta midomoni mwake kwa pembe ya kilemba. "Mtu anauliza kwanza, ndipo anachukua cha mwenzake. Kwa hiyo nauliza. Safari ni lile juma la likizo, kama tulivyopanga. Lakini nyumba hii hairuhusu niende jangwani na mchumba wa barabarani. Utanioa?"

Fundi miwani akakiangusha kitako cha shaba, akainama kukitafuta chini ya meza. Shangazi akatoa kichwa jikoni.

"Jibu, baba! Au na wewe mpaka ulambwe ndipo useme ukweli?"

"Ndiyo!" fundi miwani akapiga kelele. "Ndiyo, ndiyo!"

Fundi lifti akaitandaza ramani mezani. Safari hii kopo la sukari lilibaki kabatini, jiwe la baba ndilo lililoikalia.