Kurasa za Ulanga

Ugali ndio uliochelewa, si kingine. Kuni mbichi, moshi tele, na Mwanaheri akafika mgodini jua limeshaegemea mlima, bakuli la ugali na mlenda kichwani.

Enzi hizo Mjerumani alikaa boma la Morogoro, na huku juu Uluguru watu wake walichimba ulanga, lile jiwe linalong'aa, la kurasa kurasa. Wanaume waling'oa chini. Wanawake walikaa mdomoni mwa shimo na visu vyao, wakiuchambua ukurasa baada ya ukurasa kama unavyomenya kitunguu. Mwanaheri alikuwa fundi wao. Mikono yake ilikuwa haiwezi tena kushika bonge ikaliacha zima.

Siku ile chini alibaki mdogo wake, Pazi, peke yake. Wenzake waligoma kushuka. Walisema tangu yule mhandisi wa Kijerumani ateremshe sanduku lake na kupigilia nyaya za shaba ukutani, mwamba unanguruma kama paka aliyeshiba. Kisha mhandisi mwenyewe akapotea. Wakubwa wake walisema karudi pwani, lakini hakuna aliyemwona akipanda kutoka shimoni. Watu walimkumbuka kwa ile kofia yake pana. Kila kidogo aliinua vidole viwili, akaiweka sawa.

Ngo-ngo... ngo.

Nyundo ya Pazi hiyo. Mbili za haraka, kituo, moja. Tangu mtoto, hata hodi alibisha hivyo hivyo.

Mwanaheri akashuka.

"Dada, huo ugali umeanza kwa kulima mtama?"

"Kula, mdomo huo. Ukimaliza tupande, mama anatungoja."

Hakumaliza. Mwamba ukanguruma, mmm... ukanguruma tena, na njia waliyoshukia ikajifumba.

Vumbi. Kimya. Harufu ya shaba inayoungua.

Waliita mpaka sauti zikakauka. Walisukuma mawe mpaka kucha zikatoka damu. Hakuna aliyeitika. Kibatari cha Pazi kikabaki kinapepesa, mafuta yamebaki kiasi cha kulowanisha utambi, na hewa ikaanza kuwa nzito kama blanketi bichi.

Miguuni pa Mwanaheri palikuwa na bonge la ulanga, kubwa kama tofali, waya wa shaba umeganda ndani yake. Alilishika. Lilikuwa na joto, kama mwili. Basi mikono ikafanya ilichozoea, kisu kikaingia.

Krrr.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha. Watu wawili wameinama penye kibatari. Mwanamke ameshika kisu.

"Pazi. Ni sisi."

Krrr. Ukurasa wa pili. Wale wale wawili. Ila nyuma ya mwanamume amesimama mtu wa tatu, amevaa kofia pana.

Mwanaheri akageuka upesi. Ukuta mtupu.

"Dada, usichambue," Pazi akanong'ona.

"Labda itatuonyesha njia."

"Na huyo mwenye kofia je? Itamwonyesha nini?"

Alitaka kuliweka chini, haki ya Mungu alitaka. Lakini kibatari kilikuwa kinakohoa. Krrr. Ukurasa wa tatu ulionyesha ufa, chini kushoto, nyuma ya jiwe bapa, na mwanga kwa mbali. Ulionyesha pia mkono wa yule mtu, juu ya bega la Pazi.

"Dada... bega langu linaganda."

Walilipindua lile jiwe. Ufa ulikuwepo! Mwembamba, wa kupita mtu mmoja kwa tumbo, na mbele kidogo umegawanyika mara mbili. Kulia au kushoto? Wangekosea, wasingeweza kugeuka.

"Mmoja tu," Mwanaheri akasema. "Mmoja wa mwisho."

Krrr.

Ukurasa wa nne. Watu wawili wanatambaa upande wa kulia, mwanamke mbele. Anayemfuata amevaa kofia. Na kule nyuma, penye kibatari, mtu mmoja amebaki ameketi, nyundo mapajani.

Kibatari kikazimika.

"Pazi?"

Akapapasa gizani.

"Tangulia, dada."

Sauti ilikuwa yake. Akatangulia, bonge kifuani, mwamba ukimkwaruza mgongo. Hakuweza kugeuza hata shingo. Alisikia tu pumzi nyuma yake, ndefu, za mtu asiyechoka. Kila akiita "Pazi", alijibiwa "Naam, dada," haraka mno.

Walitokea kwenye majani. Jua lilikuwa pale pale, limeegemea mlima, kana kwamba hakuna hata dakika iliyopita. Mwanaheri akalia, akamkumbatia mdogo wake. Uso wake. Kovu lake la kidevuni. Kila kitu chake.

Pazi akatabasamu. Akainua vidole viwili, akaweka sawa kofia ambayo haikuwepo.

Kesho yake jioni, mama yao alikuwa kisimani, na yule aliyerudi amelala mkekani. Mwanaheri alikaa mlangoni, bonge mapajani. Kurasa zilizobaki zilikuwa chache. Ndani ya bonge, mbali, chini kabisa:

Ngo-ngo... ngo.

Akachomoa kisu. Akakiweka ukingoni. Akifungua, nani atatoka? Na nani ataingia?

Nyuma yake mkeka ukachakacha.

"Dada," sauti ikanong'ona, karibu kabisa na sikio. "Usichambue."

Na bega la Mwanaheri likaanza kuganda.