Kumuaga Baba Maporomokoni

Fundi cherehani alikuwa anapinda sketi ya shule binti yake alipoingia.

"Mama, Jumamosi twende maporomokoni."

Cherehani ikanyamaza.

Mwaka uliopita, baba wa msichana huyo alikwenda huko peke yake, kuona maji yanayosifiwa na kila mtu. Alivaa kandambili. Hakusema anapita njia gani. Mto ukajaa, ukamchukua. Walimtafuta siku tatu upande usio wenyewe. Siku ya nne wakampata.

"Huko sitii mguu," mama alisema.

"Kila nikifumba macho napaona pale alipofia, kila mara kivingine. Nataka nipaone palivyo."

Mama aliikunja ile sketi. Jioni akabisha hodi kwa jirani, mwongoza wageni mlimani, rafiki wa marehemu.

"Kwenda mnaweza, shemeji," jirani alisema. "Ila msikurupuke."

"Siku ile jua lilikuwa kali. Maji yalitoka wapi?"

"Juu. Mvua inanyesha kileleni, huku chini huoni hata wingu. Kwa hiyo ulizeni hali ya hewa ya mlimani, siyo ya hapa mlangoni. Tokeni alfajiri. Vaeni viatu visivyoteleza. Bebeni maji ya kunywa na koti la mvua. Ikifika saa sita hamjafika, geuzeni. Na nyumbani abaki mtu anayejua njia yenu na saa ya kurudi."

"Na mto ukianza kujaa?"

"Maji yakibadilika rangi, au yakileta majani na vijiti, pandeni juu papo hapo. Msivuke. Msirudi kuchukua kitu."

Mama aliinamisha kichwa. "Angeyajua haya..."

"Nilimwona akitoka na zile kandambili," jirani alisema polepole. "Nikanyamaza. Nikasema ni mtu mzima. Linaniuma mpaka leo."

Jumamosi utabiri wa mlimani ulikuwa mzuri. Mama mdogo wa binti alibaki nyumbani na karatasi yenye njia yao. Walifika saa nne. Maji yalishuka meupe kutoka juu kabisa, na ukungu wake ukawalowesha nyuso.

Binti akaanza kulia. "Ni pazuri, mama. Mimi nilitaka pawe pabaya."

Walikaa juu ya jiwe, kikapu chao cha chakula kando, wameshikana mikono. Kisha kijiti kikapita. Majani yakafuata. Maji yakaanza kuwa na rangi ya udongo.

"Juu!" mama alipiga kelele.

"Kikapu chetu!"

"Kiache!"

Walipanda kwa mikono na magoti. Walipogeuka, jiwe lile halikuonekana tena. Mto ulikuwa unanguruma.

"Kumbe hakupata hata nafasi ya kukimbia," mama alisema. Tangu mazishi hakuwa amelia mbele ya mtoto wake. Sasa alilia kwa sauti, na binti akamkumbatia mpaka akatulia.

Walirudi kwa njia ya juu, mbali na mto. Jirani alikuwa amesimama barabarani, akitazama mlimani. Alipowaona wote wawili, wamejaa tope, aliketi chini kando ya njia, akafunika uso kwa kofia yake.