Suruali ya Mjomba na Nepi za Asajile

Kila Gwantwa aliporudi kutoka shule, kitu cha kwanza alichokisikia kilikuwa honi za malori. Nyumba yao ilikuwa mtaa wa Mpemba, nje kidogo ya mji wa Tunduma, karibu na barabara kuu, na malori yaliyokwenda mpakani yalipanga foleni hapo mchana kutwa. Kitu cha pili kilikuwa sauti ya mama yake kutoka uani.

"Gwantwa, vua sare kwanza. Halafu nepi."

Gwantwa alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita. Alipenda hesabu, alipenda kuruka kamba, na alimpenda sana mdogo wake Asajile, mtoto mnene wa miezi saba aliyecheka hata na kuku. Asichokipenda kilikuwa nepi za Asajile.

Mama yake, Ketrina, aliuza nguo za mitumba sokoni Tunduma. Baba alikuwa dereva wa lori, na mara nyingi alikuwa safarini Zambia. Mama alishinda sokoni na mtoto mgongoni, kwa hiyo jioni alipika, na Gwantwa alifua nepi. Zilikuwa nepi za kitambaa. Ndani ya kila nepi mama aliweka kitambaa kingine kidogo, alichokikata kutoka khanga kuukuu. Kitambaa hicho cha ndani ndicho kilichopokea kinyesi, ili nepi yenyewe isichafuke sana. Gwantwa alitakiwa kukikung'utia chooni, kukisuuza kwa maji baridi, kukifua kwa sabuni pamoja na nepi, kisha kuanika vyote kambani.

Asajile alipokuwa ananyonya tu, kazi hiyo ilivumilika. Alipoanza kula uji wa ulezi na parachichi, mambo yalibadilika. Sasa kinyesi kiling'ang'ania kitambaa cha khanga kama tope la masika kwenye viatu. Gwantwa alikung'uta, akakwangua kwa kijiti, akaziba pua kwa mkono mmoja na kusuuza kwa mwingine.

"Huyu si mtoto, ni kiwanda," alimwambia Brenda, rafiki yake wa nyumba ya jirani.

"Kiwanda cha nini?" Brenda aliuliza akiwa amesimama mbali.

"Sogea uone."

Brenda hakusogea.

Jioni moja Gwantwa alitaka sana kwenda kuruka kamba. Aliitazama nepi iliyochafuka, akaitazama ndoo kuukuu yenye mfuniko iliyokuwa nyuma ya bafu. Akaitumbukiza nepi humo, akafunika. Kisha akaingia ndani, akachukua nepi safi, akazichovya kwenye maji na kuzianika kambani zikichuruzika.

"Umeshafua?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Ndiyo, mama. Zile pale kambani."

Mama akachungulia, akaona nepi zinadondosha maji, akaridhika. "Ahsante, mwanangu. Mungu akubariki."

Baraka hiyo ilimchoma Gwantwa kidogo, lakini kamba ilikuwa inamsubiri. Kesho yake akafanya vilevile. Ndoo ikaendelea kujaa, na kabati la nepi likaendelea kupungua.

"Mbona nepi za mtoto zinapotea?" mama aliuliza siku moja.

"Labda ni upepo, mama. Siku hizi unavuma sana."

"Upepo unaochagua nepi na kuacha mashuka?"

Gwantwa akainama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Juma hilo mama alileta nyumbani vitambaa ambavyo havikuuzika. Miongoni mwake kulikuwa na kipande cha pazia la kijani, cha nailoni, chenye kung'aa na kuteleza. Gwantwa alikimwagia maji kidogo. Maji yakaviringika juu yake na kuanguka chini, kama yanavyofanya juu ya jani la gimbi. Palepale akapata wazo, akamwita Brenda.

"Tazama. Maji hayashiki hapa. Na kinyesi je? Kitateleza chenyewe, pwaa, hadi shimoni. Sitakwangua tena maishani mwangu."

Brenda alikigusa kitambaa, akafikiri. "Na mkojo?"

"Mkojo umefanya nini?"

"Kama kitambaa hakiruhusu maji kupita, mkojo utakwenda wapi?"

"Utajua wenyewe," Gwantwa alisema, akachukua mkasi na kukata vipande vya kuweka ndani ya nepi badala ya khanga.

Kwa upande wa kinyesi, hesabu yake ilikuwa sahihi. Kiliteleza chote bila kubembelezwa. Gwantwa alisuuza kitambaa mara moja tu na kujiona mgunduzi mkubwa. Kila jioni na kila asubuhi alijitolea kumbadilisha mtoto yeye mwenyewe, na mama, ambaye alikuwa amechoka na soko, alifurahi kupata msaidizi. Nguo za Asajile zililoa zaidi kuliko kawaida, lakini mama alidhani ni kwa sababu mtoto anakua na anakunywa maji mengi.

Jumamosi asubuhi, baada ya kumwogesha, Gwantwa aliona mapaja ya Asajile yamekuwa mekundu, na mtoto alilia alipoguswa. Alitaka kumwita mama, lakini angeulizwa kuhusu kitambaa, na baada ya kitambaa angeulizwa kuhusu nepi. Akampaka mafuta, akamfunga haraka, akanyamaza.

Siku hiyo ilikuwa kubwa kwa ukoo wao. Mjomba Andongwisye, kaka mkubwa wa mama, alifika kutoka Ibaba, wilayani Ileje. Alikuwa msemaji wa familia katika posa ya kijana wao Dennis, na alipita kumchukua mama waende pamoja nyumbani kwa binti, upande wa mjini. Alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wa suruali ungeweza kukata mkate.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mama yuko wapi?"

"Anavaa, mjomba. Karibu uketi."

Mjomba aliketi kwa uangalifu ili asiharibu mkunjo. "Niletee mpwa wangu nimwone. Nasikia amenenepa kama chifu."

Gwantwa alisita. "Amelala, mjomba."

Kutoka chumbani Asajile akapiga kelele ya furaha. Mjomba akainua nyusi. Gwantwa hakuwa na la kufanya, akamleta mtoto na kumweka mapajani pa mjomba.

Asajile alimtazama mjomba, akacheka, kisha akatulia kabisa. Mjomba alikuwa akieleza jinsi kahawa ilivyozaa mwaka huu. Ghafla akanyamaza. Uso wake haukubadilika, ila macho yake yalishuka polepole kuelekea gotini.

"Gwantwa."

"Abee, mjomba."

"Mtoto huyu amevaa nepi?"

"Amevaa, mjomba."

"Una hakika? Maana naona kama nimekaa chini ya bomba."

Mkojo ulikuwa umejua njia wenyewe. Ulitiririka juu ya nailoni, ukatokea pembeni, ukapita paja la suti na kuingia ndani ya kiatu. Mama alitoka chumbani akiwa amevaa kitenge kipya. Akaona, akamnyakua mtoto na kumfungua nepi. Kitambaa cha kijani kikang'aa mbele ya watu wote. Chini yake mapaja ya Asajile yalikuwa mekundu kama nyanya.

"Gwantwa, hiki ni nini?" mama aliuliza taratibu. "Na vitambaa vya khanga viko wapi? Nepi nyingine ziko wapi?"

"Upepo, mama," Gwantwa alisema kwa sauti ndogo.

Mjomba aliyasikia hayo, akatoka nje kutafuta maji ya kusafisha suruali. Alizunguka nyuma ya bafu, akaona ndoo yenye mfuniko. Walisikia mfuniko ukifunguliwa. Kisha kuku wote wakatoka nyuma ya bafu wakikimbia, na mjomba akafuata, leso puani, machozi machoni.

"Ketrina," alisema alipopata pumzi, "nimepaona pale upepo ulipoficha nepi."

Gwantwa alianza kulia. Aliyasema yote: ndoo, nepi zilizochovywa maji, kitambaa cha pazia, na wekundu aliouona asubuhi akaunyamazia. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumpiga, ila alivua kitenge kipya na kuvaa cha kila siku.

"Kaka, nenda peke yako. Mimi nampeleka mtoto zahanati."

Maneno hayo yalimwuma Gwantwa kuliko fimbo. Alijua mama alikuwa ameingojea siku hiyo tangu mavuno. Mjomba naye hakuwa na suruali nyingine, akaazima ya baba. Baba alikuwa mfupi na mwembamba. Mjomba aliondoka kwenda kuposa akiwa amevaa koti la suti, huku suruali ya kahawia ikimwishia juu ya vifundo vya miguu.

Gwantwa aliifungua ndoo. Alikung'uta, akakwangua, akasuuza, akafua, akabadilisha maji tena na tena. Brenda alikuja kumsaidia kubeba maji, akiwa amejifunga mtandio uso wote, yamebaki macho tu.

"Ungefua kila siku, zingekuwa chache chache," Brenda alisema.

"Najua."

"Nilikuuliza kuhusu mkojo."

"Brenda, lete maji."

Mama aliporudi, Asajile alikuwa amelala mgongoni. Muuguzi alikuwa amempa dawa ya kupaka, akasema ngozi ya mtoto iliumia kwa kukaa na majimaji muda mrefu. Alitaka mtoto abadilishwe mara kwa mara na awe mkavu, na anayembadilisha anawe mikono kwa sabuni.

Mama alitazama kamba iliyojaa nepi safi, akavuta vigoda viwili.

"Kaa hapa. Ulitaka kitambaa ambacho uchafu haukishiki. Hilo si wazo baya, hata mimi nakwangua na kuchoka. Ila hukunishirikisha. Leta vile vitambaa vya mitumba, na lile parachichi lililoiva mno."

Wakakata vipande: khanga, fulana ya pamba, nailoni, na blanketi jepesi la mtoto lenye manyoya mafupi. Kila kipande wakakilaza juu ya nepi kavu, wakamwaga maji vijiko viwili, kisha wakapaka parachichi lililopondwa. Khanga na fulana vilikunywa maji lakini vikabaki vimelowa juu, na parachichi likavishika sana. Nailoni iliyakataa maji, yakakimbilia pembeni. Kipande cha blanketi kiliwashangaza. Maji yalipita na kunywewa na nepi iliyo chini, juu kukabaki pakavu kiasi, na kilipokung'utwa, parachichi likadondoka karibu lote.

"Hiki, mama," Gwantwa alisema. "Kinapitisha mkojo, na hakikumbatii kinyesi."

"Na kitakatwa kikubwa cha kutosha ili kisijikunje," mama aliongeza. Alikuwa amezama kabisa katika kazi. Bila kufikiri akalamba parachichi lililobaki kidoleni.

Mjomba Andongwisye alikuwa amesimama langoni. Aliona nepi, akaona ujiuji wa kijani juu ya nepi, akamwona dada yake akilamba kidole. Akashika nguzo ya lango.

"Ketrina," alisema polepole, "ni mawazo? Niambie kama ni mawazo, tutaita mchungaji."

Mama alitazama kidole chake, akamtazama kaka yake, akacheka mpaka nusura aanguke kutoka kwenye kigoda. Gwantwa alieleza harakaharaka na kumwonyesha ganda la parachichi. Mjomba alilinusa kwanza kabla ya kukubali kuketi.

"Posa imekwendaje?" mama aliuliza akifuta machozi.

"Imekubaliwa. Na ni kwa sababu ya suruali hii." Mjomba alinyoosha miguu, vifundo vikaonekana vyote. "Nilipoingia, wazee walinitazama miguuni, wakanong'onezana. Nikafikiri niwaambie ni mtindo mpya wa Ileje. Lakini nikajua wangenitazama siku nzima wakijiuliza, nami ningekaa nikivuta suruali chini siku nzima. Nikasema: wazee wangu, nimekojolewa na mpwa wangu, hii ni ya shemeji. Walicheka sana. Mama wa binti akasema mtu asiyeficha jambo kama hilo hatawaficha jambo lingine. Baada ya hapo tulizungumza kama ndugu."

Gwantwa aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mjomba. Nisamehe, mama. Umekosa posa kwa ajili yangu."

Mama alimvuta karibu.

"Nimekusamehe. Lakini sikiliza, mwanangu. Nepi iliyochafuka leo ni kazi ya muda mfupi tu. Ukiifunika, kesho ni mbili, na harufu yake inaongezeka. Uongo nao ni hivyohivyo. Ulipoona mdogo wako ameumia ukanyamaza, si kwa sababu humpendi, bali kwa sababu ulikuwa na ndoo ya kuficha. Usiwe tena na kitu cha kuficha kinachokuzuia kusema mtoto anaumwa. Kazi ikikushinda, niambie imekushinda. Tutatafuta njia pamoja, kama leo."

"Nimeelewa, mama."

Asajile akaamka mgongoni kwa mama na kuguna mguno ambao wote waliufahamu. Mjomba alisimama upesi, akasogea mpaka ukutani. Gwantwa alimpokea mdogo wake, akachukua kipande kipya cha blanketi na nepi kavu, akaenda kumbadilisha.