Magharibi ya Daraja la Mbao

Corinne Dosch alikata kushoto kwa sababu skrini ya ramani ilimwambia akate kushoto. Mwalimu wake wa njia, mzee Verlyn Haugstad, alikuwa nyuma ndani ya gari la vifurushi, amepiga magoti, akipanga vifurushi vya wateja watatu waliobaki. Upepo ulifagia theluji kutoka mashamba ya ngano na kuimwaga barabarani, na mbele hakukuonekana kitu ila weupe.

Skrini ilidai kona ile ingewaokolea maili nne. Haikusema kwamba ile ni njia ya mpaka wa mashamba tu, isiyopitishiwa greda la kuondoa theluji kuanzia Novemba mpaka matope ya masika yakauke. Huku Dakota Kaskazini hata mtoto wa darasa la kwanza anajua hivyo. Lakini Corinne alikulia mjini Fargo, akauza viatu miaka tisa, na hii ilikuwa siku yake ya nne ya kusambaza vifurushi.

"Mbona tunarukaruka?" Verlyn aliuliza kutoka nyuma. "Umenileta wapi, binti?"

Magurudumu ya mbele yalizama, mkia wa gari ukatupwa kulia, kisha gari zima likaserereka kwenye mtaro wa kulia na kuinamia ubavu. Vifurushi viliporomoka. Sanduku la vipuri vya trekta, kilo arobaini na ushee, lilitua juu ya mguu wa Verlyn, na Corinne akausikia mfupa ukivunjika.

Alitambaa nyuma, akalisukuma sanduku. Mguu ulikuwa umepinda chini ya goti, pahali pasipo na kiungo.

"Usiunyooshe," Verlyn alisema, meno yakigongana. "Ufunge ulivyo. Maboksi yapo, utepe upo. Nifunge kama mzigo wa kwenda mbali."

Akakata boksi vipande viwili virefu, akauweka mguu katikati, akazungusha utepe wa kufungia vifurushi mpaka Verlyn akaacha kutukana. Alilia akifanya hivyo, na hakujificha. Simu haikushika mtandao. Skrini nayo ilionyesha uwanja wa kijivu na kidoti cha buluu kikielea pasipo na barabara yoyote.

"Nitatembea nirudi barabara kubwa," alisema.

"Utatembea hatua thelathini, halafu tutakuokota Aprili. Keti."

Verlyn alimwelekeza kwenye kopo la kahawa chini ya kiti. Ndani mlikuwa na mshumaa, kiberiti na kamba. Mshumaa waliuwasha humohumo koponi, wakashusha dirisha kwa upana wa kidole ili wapate hewa. Injini waliiwasha dakika kumi kila saa, na kila mara kabla ya kuiwasha ilibidi Corinne atoke kuzibua bomba la moshi. Likizibwa na theluji, moshi unarudi ndani na kuwaua watu wakiwa usingizini. Alijifunga kamba kiunoni, ncha nyingine mlangoni, akachimba kwa mikono. Mara ya pili upepo ulimwangusha. Alipoinua kichwa hakuliona gari, na gari lilikuwa mita mbili kutoka puani mwake. Alijivuta kwa kamba akirudi ndani, ameogopa kweli.

Kipimo cha mafuta kilikuwa karibu kugusa mstari mwekundu. Midomo ya Verlyn ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Kiu ilipombana aliomba theluji, Corinne akaiyeyusha kwanza kwenye kifuniko juu ya mshumaa, akamnywesha kidogo kidogo.

"Redio," Verlyn alinong'ona, kama aliyeikumbuka sasa hivi. "Kisanduku cha huduma ya kwanza. Betri yake mbovu, usiichezee."

Ilikuwa redio ya mkononi ya kuitana wakati wa mavuno, ile ambayo wakulima wote wa huku huiacha wazi jikoni mwaka mzima wakisikiliza habari za wenzao. Corinne alibonyeza, akaita. Mara ya tatu ikajibu sauti ya Ardis Reinholt, mama waliyempelekea mzigo wa mwisho.

"Nilijua tu! Jirani yangu Loren kasema hamjafika kwake na mzigo. Mko wapi?"

"Sijui, mama. Tuko mtaroni. Verlyn amevunjika mguu."

"Loren ana trekta la kupulizia theluji, yuko tayari kutoka. Lakini giza linaingia, na njia inazibika nyuma yake akipita tu. Ataweza kujaribu njia moja, binti yangu, si mbili. Mmekata kona ya ngapi?"

Corinne alimgeukia Verlyn. Mzee alikuwa amefumba macho, kichwa kimelala begani, na alipotikiswa alitoa mguno tu. Basi uamuzi ukabaki wake peke yake. Kwa siku nne mzee alikuwa akimfunikia skrini kwa kofia na kumwambia kwamba njia haikai kwenye kioo, inakaa makalioni. Naye alikuwa akicheka na kuiondoa kofia.

Kitu kimoja alikuwa ametii. Kila wakiondoka kwa mteja, alirudisha kipimo cha safari kwenye sifuri. Sasa kilisoma maili tano nukta nane. Kutoka kwa Ardis walikwenda kaskazini, na huku njia za kukata zimeachana maili mojamoja. Kama alikata kona ya nne, walikuwa karibu maili mbili ndani ya njia mbaya. Kama alikata ya tano, hawakuwa wameingia hata maili nzima.

Alitamani iwe ya tano. Ilikuwa karibu, na ilipunguza upumbavu wake. Alifumba macho akashika usukani, akaiendesha tena ile safari yote. Mbao: ndiyo, magurudumu yalinguruma juu ya mbao, na mlango wa nyuma ukatikisika.

"Mama Ardis, tulivuka daraja la mbao."

"Hilo ni maili ya tatu. Reli je? Iko baina ya ya nne na ya tano. Mlivuka reli?"

Redio ilikoroma. Mshumaa ulikuwa umebaki kama ukucha.

"Hapana," Corinne alisema. "Hatukuvuka reli. Kona ya nne, magharibi, maili moja nukta nane. Mtaro wa kulia."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Betri ikafa kabla hajajua kama jibu hilo limesikika.

Ikapita saa moja, kisha nyingine. Injini ilikohoa ikazima, isiwake tena. Corinne alimlalia Verlyn kifuani, amejifunika pamoja naye kwa maboksi, akimsemesha ili asilale moja kwa moja. Sauti yake ilipokaribia kumwisha, gari lilianza kutetemeka, na taa za njano zikaupasua weupe upande wa kushoto, kulikokuwa na njia.

Kibanda cha trekta la Loren Feist kilikuwa na nafasi ya abiria mmoja. Walimpandisha Verlyn. Corinne alibaki na mshumaa mpya na blanketi, akasubiri saa moja na nusu peke yake gizani, bila skrini, akijua safari hii mahali hasa alipokuwa.

Loren aliporudi alimvuta juu, akamkalisha, akamtilia chai ya moto kwenye kikombe.

"Mzee wako kazinduka huko kwa Ardis," alisema. "Kamwambia Ardis kona kaikata yeye. Eti alikuwa usukani, wewe ulikuwa nyuma unapanga mizigo. Katuapisha tuwaambie hivyo hivyo mabosi wenu."

Corinne aliishika chai kwa mikono miwili isiyohisi kitu. Angeweza kunyamaza. Kazi alikuwa anaihitaji, na mzee alikuwa amekwisha kumpa uongo wa kuiokoa.

"Amekudanganya," alisema. "Nilikuwa mimi."

Loren alitia gia, macho mbele.

"Tunajua," alisema. "Yule amepita hapa miaka ishirini na mitatu. Tulikuwa tunangoja tu kusikia utasemaje."