Mjomba, Wino Huu Unatoka

"Dada yangu alikuwa karani wangu tu. Mimi nasema, yeye anaandika."

Maneno hayo aliyatamka mjomba wangu mbele ya kamera nne, akimsema marehemu mama yangu.

Na mimi ndiye niliyekuwa nimemshikia kipaza sauti.

Wapendwa wa humu, kaeni vizuri. Sijaja kuomba pole, nimekuja kuwaeleza nilivyolipiza.

Mama yangu alikuwa mfua nguo wa hospitali kubwa. Enzi hizo wafua nguo hawakuruhusiwa kupita mlango wa mbele. Walipitishwa nyuma, mlango wa kutolea maiti, asubuhi na jioni, hata mwenye mimba ya miezi minane.

Mama akawaongoza wenzake wakasimama mlango wa mbele siku tatu. Akasoma hotuba iliyoandikwa kwa penseli kwenye karatasi moja. Siku ya nne wakapita. Yeye akafungwa miezi mitano, akatoka na kifua ambacho hakikupona tena. Alipofariki nilikuwa na miaka tisa.

Mjomba akanichukua mimi. Akachukua na sanduku la karatasi za mama.

"Nitazitunza," aliwaambia waombolezaji.

Alizitunza kweli! Kidogo kidogo shujaa wa mlango wa mbele akawa yeye. Redioni anahojiwa yeye, mashuleni anaalikwa yeye, mpaka watu wakambatiza Mzee Mlango. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Nami ningesema nini? Nimekula kwake, nimesomeshwa na yeye. Na ushahidi wote ulikuwa kabatini mwake.

Nikakua, nikaajiriwa kwenye nyumba ya kumbukumbu. Kazi yangu ni kutibu karatasi kuukuu. Natoa kutu ya pini, naziba palipochanika, naosha madoa. Ndiyo, karatasi huoshwa, msinicheke.

Basi siku moja Mzee Mlango akaleta sanduku kwetu, amepiga suti ya kijivu, anataka zihifadhiwe kama nyaraka zake. Mkewe, mkaza mjomba wangu, alikaa nyuma yake na mkoba mapajani. Mama mkimya yule. Naye alifua hospitali ile ile miaka kumi na tisa, lakini hakuna aliyewahi kumpa kipaza sauti.

Nikafungua sanduku. Nikaiona hotuba. Mwandiko wa mama, penseli, herufi zimelala kidogo kulia.

Chini kabisa palikuwa pamezibwa kwa wino wa buluu, mstari juu ya mstari, kama mtu aliyepaka rangi ukuta. Chini ya pale, jina la mjomba na saini yake ya mbwembwe.

"Hapa vipi, mjomba?" nikauliza.

"Nilikosea nikafuta. Andika jina langu juu ya boksi, mwanangu."

Elewa hapo msomaji. Jina linalowekwa juu ya boksi ndilo linalonakiliwa na kila mwanafunzi na kila mwandishi atakayekuja. Likishaandikwa, mama yangu amekufa mara ya pili.

Ndipo mkaza mjomba akasema kwa sauti ndogo:

"Na hayo madoa ya chai? Mbona inaonekana chafu hivyo?"

Mjomba akadakia. "Eeh, ioshwe. Na waandishi wa habari waje waone inavyooshwa."

Nikajibu, "Sawa, mjomba." Moyoni nilikuwa nacheka.

Kesho yake nikalowesha pamba kwenye ncha ya kijiti, nikaigusisha kona ya ule wino. Pamba ikageuka buluu. Nikachukua nyingine, nikagusa penseli. Ikabaki nyeupe.

Nikamwendea mkuu wangu, mzee mmoja mwenye miwani mizito na roho safi.

"Bosi, wino unatoka."

"Basi haioshwi. Labda mwenye mali aambiwe waziwazi, akubali, asaini. Mbele ya mashahidi."

"Nitamwambia mbele ya watu wote."

Akaniangalia sana. "Piga picha pande zote mbili kwanza."

Hapo mnaanza kunielewa, eeh? Ningemwambia mjomba pembeni, angesikia. Lakini mjomba hajawahi kukubali kukatazwa jambo mbele za watu tangu nimjue. Nilikulia chini ya dari yake, namjua kuliko saa yake ya mkononi. Kumwonya hadharani ni kumsukuma. Nilijua, na nilifanya makusudi.

Siku ikafika. Beseni pana la maji safi mezani, waandishi wamejipanga, mjomba mstari wa mbele, mkewe pembeni.

Alipomaliza yale maneno yake ya karani, nikashika kipaza sauti mwenyewe safari hii.

"Mjomba, wino huu unatoka. Tukiosha, jina lako litaondoka."

Watu wakageuka kumtazama.

"Wino wangu haujawahi kutoka," akasema, akatabasamu kwa kamera.

"Nakuambia mara ya pili, mjomba. Utatoka."

"Mtoto niliyemlea ananifundisha karatasi zangu? Lete hiyo fomu."

Akasaini bila kusoma hata mstari mmoja.

Nikailaza karatasi juu ya kitambaa chepesi, nikaishusha majini taratibu.

Dakika ya kwanza, maji meupe tu.

Dakika ya pili, uzi wa buluu ukachomoza, ukajinyoosha kwenye maji.

Saini ikavimba, ikafifia, ikaenda zake. Nilimtazama mjomba usoni muda wote. Nilitaka nione, na niliona. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kola. Niite mbaya ukitaka, ila sijawahi kulala usingizi mtamu kama wa siku ile.

"Itoe! Itoe majini!" akafoka.

"Ikitolewa nusu itachanika, mjomba. Umesaini."

Ule wino wa kuzibia nao ukaanza kuachia. Chini yake penseli ikajitokeza. Nikainama kusoma jina la mama yangu kwa sauti, maana nilikuwa nimelingoja miaka ishirini na tatu.

Halikuwa jina moja.

Yalikuwa saba, na juu yake sentensi moja kwa mwandiko wa mama: "Maneno haya tumeyatunga sisi saba. Mimi nimeandika tu."

Nikakwama. Jamani, nilikwama kabisa. Mfukoni nilikuwa na kadi ya boksi niliyoichapa mwenyewe usiku uliotangulia. Ilikuwa na jina la mama peke yake.

Mwandishi mmoja akasogea, akasoma majina moja moja. Alipolitamka la tatu, mkaza mjomba akasimama na mkoba wake.

"Huyo ni mimi."

Ukumbi mzima ukamgeukia. Mjomba akageuka mwisho.

"Nawe unanifanyia hivi?" akamwuliza kwa sauti ya chini.

"Ulinifunika nikiwa nimesimama hapo hapo," akasema. "Mimi ndiye nilikushikia karatasi isiteleze. Umesahau?"

Mjomba akatupa jicho kwenye kamera.

"Ukasema nikupe kalamu. Mezani zilikuwa mbili. Moja ya kuandikia mashuka ya hospitali, ile hata uchemshe haitoki. Nyingine ya wino wa kujaza." Akamtazama tu. "Mimi mfua nguo, mume wangu. Nilijua nakupa ipi."

Ndugu zangu, nilihisi maji ya beseni yananipanda mwilini. Madoa ya chai, "mbona inaonekana chafu"... Mimi nilidhani kisasi ni changu. Kumbe nilikuwa nimeshika kitambaa tu. Mwenye kisasi alikisubiri miaka yote hiyo, akimpikia, akimpigia pasi hiyo suti ya kijivu.

Mjomba alitoka kwa mlango wa pembeni. Simu haziiti tena kwake, redio haimtafuti. Picha za karatasi kabla na baada ya kuoshwa zote tumezihifadhi, ili hata wizi wake usipotee. Za mwizi arobaini, na ya arobaini nimeipa namba ya kumbukumbu.

Sijamsamehe. Msinilazimishe huko kwenye komenti.

Ila somo nililopata ni hili, na linaniuma mimi kwanza. Mjomba alifunika majina saba. Mimi, kwa hasira zangu za haki, nilikuwa njiani kufunika sita. Anayekuibia mtu wako usimlipe kwa kuwaibia watu wa wengine.

Kadi ile niliichana mbele ya mkaza mjomba. Akavuta kiti, akanitajia majina sita ya wenzake, kila moja na mtaa aliokaa, nami nikayaandika juu ya boksi pamoja na lake, yote saba.